Torino iliponzwa na meya, na Milano, au na hela?

Msomaji wetu mmoja anayeishi Torino, Italia, katuandikia hivi: "Mtaalamu, mimi nipo Torino mwaka wa nane sasa. Februari hii dunia yote ilikuwa inaangalia Olimpiki ya majira ya baridi ya 2026 kule Milano na Cortina, huku kwetu ambako Olimpiki ya 2006 ilifanyika hatukupata hata mchezo mmoja. Kazini tumebishana mpaka tumewekeana kahawa. Mmoja anasema meya wa wakati ule ndo alituponza, mwingine anasema Milano walituzunguka, mimi nikasema siasa ni kisingizio tu, shida ni hela. Nani yuko sahihi? Alafu na huku nyumbani Afrika Mashariki tukitaka kuandaa vitu vikubwa kuliko AFCON, hizi siasa zetu zitaturuhusu kweli?"

Ndugu yangu wa Torino, hiyo kahawa msiinywe kwanza, maana wote watatu mmeshika kipande cha ukweli na kila mtu anavuta upande wake. Ntajibu kwa kirefu kwa sababu Italia ni darasa zuri sana kwenye hii ishu. Kati ya 2012 na 2019 ile nchi ilikataa Olimpiki mara mbili, mara ya tatu ikagombana yenyewe kwa yenyewe, alafu katikati ya huo ugomvi ikashinda. Ukizielewa hizo safari tatu umeelewa karibu kila kitu.

Ila kabla ya Roma na Torino kuna kitu inabidi kikae sawa kichwani. Jiji haliombi Olimpiki kwa video nzuri na watoto wanaoimba, hayo ni mapambo, jiji linaomba kwa karatasi. Kuna karatasi ya meya kwamba jiji litaingia mkataba, kuna za serikali kuu kuhusu ulinzi, viza, forodha na kodi, kuna za wenye viwanja, na kuna ile moja ambayo kila mtu anaikwepa, inayosema hesabu zikipita makadirio nani atafidia. Kila karatasi ina sehemu ya sahihi na karibu kila mwenye sahihi ni mwanasiasa mwenye chama chake na mwenye tarehe ya uchaguzi. Sasa piga hesabu, kwa utaratibu wa zamani kura ya IOC, yaani kamati ya kimataifa ya Olimpiki, ilikuwa inapigwa kama miaka 7 kabla ya mashindano na maandalizi ya kuomba yanaanza miaka miwili au zaidi kabla ya hapo, yaani kutoka wazo mpaka kuwasha mwenge ni karibu miaka kumi, na ndani ya miaka kumi hakuna nchi yenye uchaguzi wa kweli ambayo haiendi kwenye kura angalau mara mbili. Kwa hiyo ukiona jiji linaandika maombi na kuangalia tu Paris wamefanya nini au Los Angeles wana nini, ujue linaangalia kusiko. Wa kuogopa kwanza ni yule atakayekaa kwenye kiti cha meya kabla wino haujakauka.

Haya, tuanze na Roma, safari ya kwanza. Roma waliwahi kuandaa 1960, ile ambayo Abebe Bikila alikimbia maratoni pekupeku usiku akamalizia pale kwenye tao la Constantine, hiyo sisi watu wa ukanda huu hatuisahau. Wakaomba tena ya 2004, wakafika raundi ya mwisho na Athens ikawachapa kura 66 kwa 41. Ilipokuja ya 2020 meya wa wakati huo, Gianni Alemanno, mtu wa mrengo wa kulia, alikuwa anaitaka kweli kweli, na vyama vingi havikuwa na neno. Aliyekataa ni waziri mkuu Mario Monti, tarehe 14 Februari 2012, ikiwa imebaki siku moja tu karatasi zipelekwe. Na Monti hakuwa mwanachama wa mtu, aliletwa kama mchumi kuokoa nchi kwenye msukosuko wa madeni, hakuwa anatafuta kura ya yeyote. Alisema wazi kwamba nchi haiwezi kusaini ile karatasi ya fidia kwa hali ilivyo. Hapo ndugu yangu wewe umepata, ile ilikuwa hela tupu, siasa haikuwepo au ilikuwepo kiduchu sana. Shika hiyo, maana tutairudia kwenye kahawa.

Safari ya pili ndo yenyewe. Desemba 2014 waziri mkuu mpya Matteo Renzi, wa chama cha PD cha mrengo wa kushoto, kijana mwenye haraka, anasimama anatangaza Roma itaomba 2024. Angalia hapo, aliyetangaza ni waziri mkuu, tena kwa mbwembwe, na kuanzia siku ile Roma 2024 ikawa na sura ya Renzi. Meya Ignazio Marino naye alikuwa wa PD, kwa hiyo juu PD chini PD, mambo safi. Lakini Marino akaanguka mwaka uliofuata kwa kashfa ya risiti za matumizi, madiwani wakajiuzulu kwa wingi baraza likavunjika, jiji likapewa msimamizi kutoka serikalini. Uchaguzi ukapangwa Juni 2016.

Huku mtaani Roma ilikuwa inanuka takataka, mabasi yanakufa barabarani, mashimo kila kona, na jiji lina deni la yuro bilioni 13 hivi la miaka na miaka. Akaingia Virginia Raggi wa Five Star, chama ambacho chakula chake ni kuwasema wakubwa na wajenzi wao. Mgombea wa PD, Roberto Giachetti, yeye anaunga mkono Olimpiki. Sasa wewe ungekuwa mshauri wa Raggi ungemwambia nini? Una adui ambaye amejifunga kitambaa cha Olimpiki mwenyewe shingoni, kazi yako ni kuvuta tu. Raggi akashinda raundi ya pili kwa asilimia 67.

Septemba 21, 2016 mkuu wa kamati ya Olimpiki ya Italia, Giovanni Malagò, anakwenda ofisini kwa meya kujaribu kumshawishi kwa mara ya mwisho, anakaa, anasubiri zaidi ya nusu saa, meya hajatokea, anaondoka. Baadaye siku hiyo hiyo Raggi anaita waandishi na kusema hapana, hataki Olimpiki za matofali, yaani za wajenzi, wakati Waroma bado wanalipa madeni ya zamani. Wiki moja mbele madiwani wakapiga kura kumuunga mkono, Oktoba Malagò akasimamisha maombi.

Watu wengi wakiisimulia hii wanaishia hapo, meya mbaya kaua ndoto ya taifa. Mi nawaambiaga subirini kwanza. Nenda pale Tor Vergata, nje kidogo ya Roma, kulikuwa na mifupa mikubwa myeupe ya chuma kama tanga la jahazi, uwanja wa kuogelea uliochorwa na Santiago Calatrava kwa ajili ya mashindano ya dunia ya kuogelea ya 2009, mashindano yakaja yakaisha, uwanja haujaisha, ukabaki umesimama hivyo miaka na miaka. Mroma akiliona lile tanga hahitaji mwanasiasa wa kumweleza mradi mkubwa wa michezo unaishaje. Kwa hiyo hoja ya Raggi ilikuwa na miguu. Lakini pia tusidanganyane, ndani ya miezi miwili na nusu kulikuwa na kura ya maoni ya katiba ambayo Renzi aliweka kazi yake rehani, Desemba 4, na Five Star walikuwa wanamtafuta kwa kila silaha. Kumnyima Olimpiki ilikuwa kumnyima picha. Na Renzi kura ile akashindwa, akajiuzulu. Hela ilikuwa sababu ya kweli, siasa ndo iliyochagua siku na namna ya kusema, hivyo viwili vinakaa nyumba moja na ndo maana mnabishana mpaka kahawa inapoa.

Na Raggi hakuwa peke yake kuikataa 2024. Mwaka mmoja nyuma Boston ilijitoa baada ya meya Marty Walsh kukataa kusaini ile karatasi ya fidia, Hamburg wananchi wakasema hapana kwa asilimia 51.6. Budapest ndo kali zaidi. Waziri mkuu wa Hungary, Viktor Orbán, alikuwa na bunge, serikali, baraza la jiji, kila kitu chake, karatasi zote zingesainiwa bila kelele, lakini vijana wachache wakaanzisha kundi linaitwa Momentum, wakasimama vituo vya treni na vibanda vya barabarani Januari na Februari ya 2017, baridi ya kule unaijua wewe, ndani ya siku 30 wakakusanya saini zaidi ya laki mbili na elfu sitini wakati zilizohitajika kudai kura ya maoni ni kama laki moja na elfu thelathini na nane. Serikali ikaona ikienda kwenye kura inaweza kufungwa nyumbani mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu, ikajitoa yenyewe na kuwatupia wapinzani lawama kwamba wamevunja umoja. Momentum wakageuka chama. Unaona, Olimpiki ambayo haikuchezwa ilizaa chama cha siasa.

Vita vya panzi furaha ya kunguru, kwenye meza wakabaki Paris na Los Angeles tu, na IOC kwa kuogopa kubaki mikono mitupu ikawapa wote wawili kwa mpigo, Lima, Septemba 2017, mmoja 2024 mwingine 2028.

Sasa tuje kwako, Torino. Hapa ndo rafiki zako wawili wanapoingia.

Meya wako wa wakati ule Chiara Appendino aliingia siku moja na Raggi, chama kimoja, Five Star, alimtoa Piero Fassino wa PD. Tofauti ni kwamba Appendino aliona 2026 kama nafasi, viwanja vingine vya 2006 vipo, kwa nini tusijaribu. Shida ni kwamba baadhi ya madiwani wa chama chake mwenyewe waligoma, na walikuwa na haki ya kugoma ukikumbuka walichaguliwa kwa kusema nini. Wewe unajua kile kitu cha Cesana kule juu, njia ya sledi za barafu iliyogharimu kama yuro milioni 110 ikatumika miaka michache ikafungwa, na majukwaa ya kurukia ski ya Pragelato yaliyoachwa yaote nyasi. Diwani wa Five Star aliyepiga kampeni akivionyesha vile kwa kidole atawaambiaje watu sasa tunaomba tena? Kwa hiyo Appendino alikuwa anaongea na Roma huku anageuka nyuma kuhesabu watu wake, na mtu anayehesabu watu wake mwenyewe hana nguvu kwenye meza ya mazungumzo, hilo kila aliyewahi kukaa kwenye kikao analijua.

Upande wa pili Milano, meya Giuseppe Sala, anaungwa mkono na PD, ndo kwanza ametoka kusimamia maonyesho makubwa ya Expo 2015 na jiji linang'aa, hakutaka kusikia Milano iwe ubavuni mwa mtu. Upande wa tatu Cortina na mkoa wake wa Veneto, chini ya Luca Zaia wa Lega, chama cha mrengo wa kulia. Agosti 1, 2018 Malagò na kamati yake wakafanya kile ambacho kila msuluhishi aliyechoka hufanya, wakasema basi wote watatu pamoja, Milano, Torino, Cortina. Kila mtu akanuna. Sala anataka Milano iwe kichwa cha msafara, Torino inasema sisi ndo wenye uzoefu hatuwezi kuwa mkia, Veneto wanasema sisi wenye milima. Na serikali kuu wakati huo ilikuwa ya mseto wa Five Star na Lega, yaani chama cha Appendino na chama cha Zaia wanalala kitanda kimoja kila mtu anavuta blanketi.

Septemba 18, Giancarlo Giorgetti wa Lega, aliyekuwa anashughulikia michezo ofisi ya waziri mkuu, akasimama Seneti akasema pendekezo la watatu limekufa. Kwa nini hasa? Kwa sababu hakuna kati ya wale watatu aliyekuwa tayari kuandika sahihi chini ya jina la mwenzake. Hela haikutajwa kama kikwazo siku ile, kilichokosekana ni mtu wa kukubali kuwa wa pili.

Kilichofuata mimi huwa nakipenda kweli. Ndani ya siku chache Milano na Cortina wakasema basi sisi wawili tunaendelea. Tazama nani amekaa na nani: Sala wa upande wa kushoto, Attilio Fontana wa mkoa wa Lombardia, Lega, Zaia wa Veneto, Lega. Watu ambao kwenye uchaguzi wanatukanana kila siku. Serikali kuu mwanzo ikasema haitoi hata senti, mikoa ikasema sawa tutabeba wenyewe, miezi ikapita, upepo ukageuka, na dhamana za serikali zikaja 2019. Juni 24, 2019 mjini Lausanne waziri mkuu Giuseppe Conte mwenyewe yuko ukumbini, wa serikali ile ile yenye nusu Five Star, chama kilichoua Roma 2024. Milano Cortina kura 47, wapinzani wao Stockholm Åre wa Sweden 34. Utani mwingine wa ile siku ni kwamba kikao kile cha IOC awali kilikuwa kifanyike Milano, kikahamishwa kwa sababu Waitaliano wenyewe ni waombaji.

Na kwa nini Stockholm walishindwa wakati theluji ni yao na mashindano ni ya kwao kiasili? Siasa tena ndugu yangu. Uchaguzi wa Septemba 2018 ulileta mseto mpya kwenye jiji ambao ulikubaliana kwamba pesa ya walipa kodi wa Stockholm haitumiki, mpaka mwisho jiji lenyewe likawa haliko tayari kusaini mkataba, ikasogezwa mbele Åre, mji mdogo wa milimani. Wapiga kura wa IOC sio watoto. Kura yao wenyewe ya maoni ilionyesha Waitaliano asilimia 83 wanaunga mkono, Waswidi 55. Ukiwa umetoka kuona miji mingine iliyotaka 2026, Sion wamekataa kwa kura, Graz wamejitoa, Calgary wamepiga kura asilimia 56 hapana, yote ndani ya 2018, utampa nani? Utampa yule ambaye mpinzani wake yuko naye jukwaani.

Hapo ndo kiini cha jibu langu kama unataka kulibeba kwenda kazini. Kupingana kisiasa peke yake hakuui maombi ya jiji. Kinachoua ni pale maombi yanapokuwa na sura ya mtu mmoja au chama kimoja, kwa sababu siku huyo akitoka, anayeingia hana chochote cha kupoteza akiyavunja, tena anapata makofi. Angalia London ya 2012. Serikali ilikuwa ya Labour, Tony Blair, meya Ken Livingstone wa Labour, waziri Tessa Jowell wa Labour, lakini aliyewekwa mbele kuongoza maombi ni Sebastian Coe, bunge aliingia kwa tiketi ya Conservative, wapinzani wao. Waliishinda Paris kura 54 kwa 50 mwaka 2005. Mpaka mashindano yanafika 2012 Livingstone kashatolewa na Boris Johnson, Labour wametoka madarakani, David Cameron ndo waziri mkuu, na hakuna aliyethubutu kugusa kitu, maana chama kilichoingia kilikuta mtu wake tayari kakaa kiti cha mbele. Wengine wanasema Waingereza wana ustaarabu wa siasa, mi nadhani walipiga hesabu tu.

Kuna kitu kimoja kimebadilika tangu mashindano ya Milano yatolewe, na kinahusu swali lako. IOC yenyewe ilichoka kuaibishwa na kura za maoni na mameya wapya, pale pale Lausanne 2019 ikabadilisha utaratibu, siku hizi wanazungumza na miji kimya kimya kabla, wakiona siasa zimetulia wanamchukua mmoja wanampeleka mbele ya wajumbe peke yake. Brisbane walipewa 2032 hivyo, Julai 2021, kura 72 kwa 5, bila mshindani. Ukisikia hivyo utadhani tatizo limeisha. Wapi! Ugomvi umehamia tu upande wa pili wa mkataba. Mpango wa kwanza wa Queensland, jimbo la Australia lenye jiji la Brisbane, ulikuwa kuvunja na kujenga upya uwanja wa Gabba, serikali ya Labour ikabadilisha waziri mkuu wa jimbo, mpya akauweka kando, akaletewa ripoti huru inayosema jengeni mpya Victoria Park, akaikataa akasema tutakarabati uwanja wa zamani wa riadha. Oktoba 2024 wapinzani wakashinda, David Crisafulli, ambaye kwenye kampeni aliapa hakuna uwanja mpya, Machi 2025 akatangaza uwanja mpya wa watu 63,000, wapi? Victoria Park. Akaomba radhi kwa kuvunja ahadi. Miaka karibu minne imepita wanachagua uwanja.

Na kwenu pia ugomvi haukufa 2018. 2023 njia ya sledi ilipokuwa inakwama, hadi Malagò akawaambia IOC kwamba itabidi mchezo upelekwe nje ya nchi, mkoa wenu wa Piemonte ukasema lakini Cesana ipo hapa, tuikarabati. Serikali ikaamua Cortina wajenge mpya, na ikajengwa kweli. Mbio za kuteleza kwenye barafu nazo zilipokosa pa kwenda baada ya mpango wa Trentino kuanguka, Torino wana Oval Lingotto iliyojengwa kwa mchezo huo huo mwaka 2006, wakaenda kuuweka kwenye kumbi za maonyesho pale Rho, Milano. Na wakati huo Torino haikuwa inagombana tena! Meya Stefano Lo Russo wa PD na mkuu wa mkoa Alberto Cirio wa Forza Italia, vyama viwili tofauti, walikuwa wanaomba kwa sauti moja kabisa. Umoja ulikuja, ila umechelewa miaka mitano, viti vilishagawiwa.

Huku nyumbani nitakuwa mfupi kwa sababu wengi mnaijua. Kenya ilipewa AFCON ya 1996 ikanyang'anywa ikaenda Afrika Kusini, ikapewa CHAN ya 2018 ikanyang'anywa Septemba 2017 ikaenda Morocco, na ile ya 2017 viwanja vilikuwa havijaisha lakini pia angalia kalenda, Septemba 1 mahakama ya juu imefuta uchaguzi wa rais, Septemba 23 CAF wanatoa uamuzi, marudio ya uchaguzi Oktoba. Serikali gani ingekuwa na akili ya nyasi za uwanja mwezi ule? Sasa AFCON ya 2027 tumepewa watatu pamoja, Kenya, Uganda na Tanzania, na mimi kwa mtazamo wangu utatu huu una faida ambayo haikuwekwa kwa makusudi: hauna sura ya chama cha mtu. Kiongozi mpya Nairobi hawezi kujitoa bila kuwaangusha Dar na Kampala, aibu inakuwa ya kimataifa. CHAN ya Agosti 2025 tuliiandaa hivyo hivyo, fainali ikachezwa Kasarani, Morocco 3 Madagascar 2, na haikufa. Ila Kenya ina uchaguzi mkuu Agosti 2027, mwaka huo huo, kwa hiyo angalia sana nani anapiga picha kwenye kile kiwanja kipya cha Talanta. Wakianza kukiita kwa jina la kiongozi fulani midomoni mwa wafuasi wake, anza kuwa na wasiwasi. Na kwa mashindano makubwa zaidi, Nairobi iliomba ya dunia ya riadha ya 2025 ikapewa Tokyo, na pale mi naona siasa za ndani siyo zilizotuponza, kikwazo kilikuwa kwingine.

Turudi kwenye kahawa. Aliyesema meya, nampa robo, Appendino alitaka lakini hakuwa na watu nyuma yake, na hicho ni kitu kingine kabisa na kuponza. Aliyesema Milano waliwazunguka nampa nusu, ila mwambieni kwamba Milano hawakuwazunguka gizani, waliondoka meza ikiwa wazi na nyinyi mkabaki mnabishana nani atangulie kwenye jina. Wewe wa hela umebaki na robo, ungebishana kuhusu Roma ya 2012 ungebeba yote. Kwa hesabu hiyo wewe na wa meya mnamlipia wa Milano, na kwa bei ya espresso hapo Torino sioni sababu ya kununiana.